Picha Bila Shanga

Ukuta mweupe wa studio yangu mjini Lodwar si ukuta. Ni shuka la kitanda, pana, la pamba nzito, lililopigwa pasi ya mkaa mara nyingi mpaka likasahau mikunjo yake. Nimelibeba zaidi ya miaka kumi na tano. Lilikaa Lokichoggio enzi za ndege nyingi za misaada, likakaa Kitale ambako lilishika ukungu, likaenda Juba na kurudi. Kila nilipochoka na mji nililikunja, nikaviringisha kamera katikati yake kama mtoto mchanga, nikaondoka. Nikilikunjua mahali papya, kwa dakika chache linanukia mahali pa zamani. Hivyo ndivyo ninavyokumbuka nilikoishi, kwa pua.

Siku hizi liko katika chumba cha mabati nyuma ya duka la mbao. Mlango ukifunguliwa, mwanga wa saa tatu asubuhi unaingia taratibu na kulala sakafuni. Ikifika saa tano umekuwa mkali, hauna msamaha. Picha zangu zote nzuri ni za kati ya saa hizo mbili.

Mbele ya shuka hilo wamesimama watu wa kila namna, wa kitambulisho, wa leseni ya bodaboda, maharusi waliokuwa wanaogopa kushikana mikono. Na miongoni mwao wamesimama watoto ambao mimi, moyoni mwangu tu, niliwaita watoto wa ng'ambo. Walizaliwa nchi za mbali, wakawa raia wa huko siku ileile walipolia mara ya kwanza. Kisha baba au mama akarudishwa nyumbani kwa sababu ya karatasi zake, nao wakaja naye. Nchi iliwataka wao, haikuwataka wazazi wao. Mmoja nilimkuta Namoruputh akichunga mbuzi huku akiwahesabu kwa Kiingereza. Wawili, ndugu, waliishi Kalobeyei kwa shangazi yao Mkongo, wakajifunza kuimba kwaya kabla ya kujifunza kuchota maji. Hakuna aliyeniajiri kuwasaidia. Lakini kidato cha nne changu kilitosha kusoma barua za ofisi, kujaza fomu kwa herufi kubwa, na kupiga ile picha ya mraba ya inchi mbili kwa mbili ambayo ofisi ya nchi yao inaitaka: uso katikati, macho wazi, mdomo umefungwa, na nyuma pawe peupe kabisa.

Msichana ninayemkumbuka kuliko wote alifika Kakuma akiwa na miaka mitano. Wakati huo shuka langu lilikuwa Kakuma, karibu na laga ya Tarach, mto wa mchanga unaopata maji mvua ikinyesha tu. Baba yake alimleta nimpige picha ya shule. Nyuma yao lilifuata kundi la watoto wakiimba, "Mzungu mweusi! Mzungu mweusi!" Msichana akaniuliza kwa Kiingereza maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni mgeni. Miezi sita baadaye alipita mlangoni kwangu peku, vumbi mpaka magotini, akasimama.

"Anti, ulinidanganya," akasema kwa Kiswahili. "Mgeni ni mgeni. Mzungu ni kitu ingine."

Kiswahili hicho alikipata kwa jirani yao, fundi wa nguo Mkongo aliyekuwa ametoka kambi ya wakimbizi na cherehani yake na kupanga kibanda mjini. Kiturkana alikipata kwa nyanya yake, mama wa baba. Kiingereza kilibaki cha kuzungumza na mama yake kwenye simu, na baada ya muda hata huko kikaanza kupungua.

Habari za mama yake nilizipata vipande vipande. Alikuwa Mrundi, aliyefika nchi ile ya mbali kwa njia zake, akaomba hifadhi, na kesi yake ilikuwa bado inazunguka mezani mwa watu asiowajua. Baba wa mtoto alikwenda huko kusoma, masomo yakamshinda katikati, ruhusa yake ya kukaa ikaisha, akaendelea kukaa. Wakamzaa binti. Siku moja baba akakamatwa akitoka kazini, na baada ya miezi akarudishwa Kenya. Mama hakuweza kumfuata, kwa maana angetoka tu, kesi ingefungwa na mlango pia. Kazi alifanya mbili, na hakuwa na ndugu wa kumwachia mtoto. Katika nyumba ile ya watu watatu, mtoto peke yake ndiye aliyeruhusiwa kwenda na kurudi. Kwa hiyo akaenda. Makubaliano yalikuwa kwamba atarudi mama akipata nafasi ya kupumua, na pasipoti yake ilikuwa na miaka minne ya kungoja hilo.

Nyanya yake alimfunga uzi wa kwanza wa shanga wiki ileile aliyofika. Alisema shingo tupu ya mtoto ilimtisha. Uzi wa pili ulikuja mvua iliponyesha, wa tatu alipopewa mbuzi wake mwenyewe, mweupe mwenye sikio moja jeusi. Baadaye niliacha kuuliza kila uzi ulikuja na nini. Kila nilipopita Kakuma shanga zilikuwa zimepanda kidogo, nyekundu, buluu, nyeupe, zimepakwa mafuta mpaka zinang'aa, na uso wa msichana ulikaa juu yake kama kitu kilichowekwa hapo kwa uangalifu.

Kwetu sisi Waturkana shanga za shingoni hazivuliwi jioni na kuvaliwa asubuhi. Mwanamke hulala nazo, huoga nazo, huzaa nazo. Zikitoka, watu hunyamaza kwanza, kisha huuliza nani amekufa.

Alipokaribia miaka tisa, baba yake alimleta Lodwar, ambako nilikuwa nimeshahamia. Pasipoti ilikuwa imebakiza miezi michache. Ili itolewe mpya, mtoto na mzazi mmoja walitakiwa kufika wenyewe ubalozini Nairobi, na mzazi wa pili, yule wa mbali, alitakiwa kutuma barua ya ridhaa yenye muhuri wa afisa. Barua hiyo inaishi miezi mitatu tu, kisha inakufa.

"Mama yake ameshapiga muhuri," baba akaniambia. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, dereva wa lori la maji. "Dada, usione ni kitu kidogo. Siku hizi huko watu kama yeye hawatoki ovyo, wanakamatwa. Alitoka nyumbani siku hiyo kama mtu anaenda vitani. Amesema hawezi kutoka mara ya pili."

Nikaelewa. Barua ilikuwa moja. Ikifa kabla ya pasipoti kupatikana, mtoto angebaki upande huu na mama upande ule, na hakuna aliyejua mpaka lini.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Nilimsimamisha mbele ya shuka, nikainama kwenye kamera, na hapo nikafanya kosa ambalo ni langu peke yangu. Nilijua sheria za picha ile. Nilijua kidevu lazima kionekane chote, na niliona wazi kwamba nyuzi za juu zilikuwa zimefika mfupa wa taya. Lakini mwanga ulikuwa umemkalia vile ambavyo mwanga humkalia mtu mara moja kwa mwaka. Shanga zilikuwa zinarudisha wekundu kidogo mashavuni mwake. Niliona kwetu Longech, niliona mchanga wa utotoni mwangu, niliona wasichana tuliokuwa tukikimbia nao kuelekea kwenye maji shanga zikitupigapiga. Nikamwambia ainue uso kidogo. Nikabonyeza. Nikasema imetoka vizuri sana, na ilikuwa kweli, ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Ila haikuwa picha ya pasipoti.

Walirudi kutoka Nairobi baada ya siku nne. Baba aliingia studio akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa. Binti alibaki mlangoni akichora vumbi kwa kidole cha mguu.

"Kidevu," baba akasema.

"Kidevu gani?"

"Wamesema hakipo."

Akaendelea, akitazama mikono yake. Dirishani waliambiwa kwa upole kabisa kwamba picha haifai. Wapige nyingine bila shanga, kuna studio hapo nje, warudi baada ya saa moja. Wakatoka. Mpiga picha wa pale akamwambia mtoto avue. Mtoto akashika shingo kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka askari wakaja.

"Nikamwambia, mama, ni picha tu, tunavua, tunavaa. Akaniambia, baba, ukizitoa mama atakufa. Hapo barabarani, watu wanatuangalia. Ningefanya nini, dada? Nimkate shanga kwa nguvu kama mbuzi wa kuchinjwa?"

"Hapana."

"Basi saa ikapita. Wametupa siku nyingine. Barua itakuwa imebakiza siku tisa."

Kutoka mlangoni msichana akasema bila kugeuka, "Anti, ulisema imetoka vizuri."

Nililala mchana huo, jambo nisilolifanya, na katika usingizi wa joto nikarudi mahali ambapo sikuwa nimerudi kwa miaka.

Nilizaliwa Longech, kando ya ile ghuba ya ziwa karibu na Kalokol ambako mashua husukumwa kwenye matope na ng'ombe hunywa maji yaleyale wanamolala samaki. Baba yangu alivua, mama yangu alikausha. Nilipopelekwa shule ya bweni Lodwar, mlezi wa bweni alituweka mstarini siku ya kwanza akiwa na mkasi wa kukatia kitambaa. Hakuwa mkatili. Alikuwa anaimba chini chini. Alikata nyuzi zangu zote kwa mara moja, na shanga zikaanguka kwenye saruji kwa sauti ambayo mpaka leo nikisikia mchele ukimiminwa kwenye sufuria nasimama. Tuliambiwa tusiziokote. Asubuhi yake zilikuwa zimefagiliwa.

Muhula ulipofungwa nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi, nimebeba ripoti. Nilishuka Kalokol, nikatembea. Mama alikuwa kwenye vichanja vya samaki. Aliniona kwa mbali, akaweka mkono juu ya macho kukinga jua. Nikapunga. Yeye akaona shingo. Akapiga yowe. Akaanguka magotini, akajitupia mchanga kichwani, na wanawake wengine wakaanza kulia pamoja naye kabla hata hawajajua wanamlilia nani. Nilikimbia nikipiga kelele kwamba hakuna aliyekufa, hakuna, ni shule tu. Ilichukua muda mrefu kuwanyamazisha. Baba akaitwa kutoka majini ili waone kwamba yuko hai. Alikuja akidondosha maji, kachanganyikiwa, akasimama katikati yao na wao wakamgusa mikono.

Baadaye tulicheka. Kwa miaka walinitania kwamba mimi ndiye niliyemzika baba yangu akiwa anavua. Lakini mama hakunifunga uzi mwingine. Alisema shingo hiyo sasa ni ya shule. Nami tangu hapo nimekuwa mtu wa kutembea. Sisemi moja lilileta lingine. Nasema tu kwamba nilipoamka mchana ule Lodwar, shati limelowa jasho, nilikuwa nimejishika shingo.

Nikakunja shuka, nikafunga kamera ndani yake, nikaenda Kakuma.

Boma la nyanya lilikuwa nje kidogo ya mji, ng'ambo ya laga, mahali ambapo jioni unasikia kambi ikizungumza lugha zake zote pamoja kama redio isiyoshika stesheni. Nilimkuta amekaa kivulini akishona ngozi. Shingo yake mwenyewe ilikuwa imezama katika shanga za miaka sitini.

"Ejok," nikamsalimia.

"Ejok. Huyo ndiye msichana wa picha," akasema kwa Kiturkana, akinitazama juu mpaka chini. "Bado huna boma?"

"Bado, mama."

"Bado unatembea na shuka bila kitanda?"

"Ndiyo."

"Basi kaa. Mtu asiye na kitanda hana haraka."

Nilikaa siku tatu. Sikuzungumza habari ya shanga siku ya kwanza, nilikaa tu na kusaidia kuchambua mahindi. Siku ya pili baba wa mtoto alitoka Lodwar na lori lake, na yeye hakungoja.

"Mama, ni shanga tu," akasema.

Nyanya hakuinua macho. "Na hiyo ni karatasi tu."

"Bila hiyo karatasi hataingia nchi yake."

"Amezaliwa huko. Nchi ikusahau uso kwa sababu ya karatasi? Nchi gani hiyo?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na huku ndivyo ilivyo. Nikimvua mtoto, majirani watakuja na kuniuliza, nani? Niwajibu nini? Mama yake yuko mbali, hatumwoni. Niwaambie ni yeye? Nimtaje mtu aliye hai?"

Msichana alikuwa amekaa nyuma ya nyanya yake, mgongo kwa mgongo, na mbuzi mweupe mwenye sikio jeusi alikuwa amelala miguuni kwake. Nilimwona akisikiliza kwa mwili wote, na nikaelewa kwamba katika boma lile aliyeamini kuliko wote alikuwa yeye. Nyanya alikuwa anabishana. Mtoto alikuwa anamlinda mama yake kwa kitu pekee alichokuwa nacho.

Baba akampigia mama wa mtoto simu, akaweka spika, akaiweka simu juu ya jiwe kati yetu. Huko kulikuwa asubuhi bado. Tulisikia gari likipita kwenye lami yenye maji. Mama akasalimia kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, laini. Nyanya hakujua Kiswahili cha kutosha, kwa hiyo mimi nikawa katikati.

Mumewe akamweleza. Yule mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Dada," akaniambia, "mwambie mama mimi sijafa. Niko jikoni. Nakunywa chai."

Nikamwambia nyanya.

Nyanya akainama mpaka karibu na simu, kana kwamba jiwe lenyewe ndilo lenye masikio. "Mwambie ndiyo maana hazitoki."

Nilipolitafsiri hilo, upande wa pili kilisikika kikombe kikiwekwa mezani. Kisha sauti ikaja, nyingine kabisa, ya chini.

"Mwambie asante. Mwambie nilidhani huko hakuna anayenikumbuka." Akavuta pumzi. "Lakini mwambie pia nina miaka minne sijamshika mtoto wangu."

Nikatafsiri yote mawili. Nyanya alikaa muda mrefu akipitisha kidole gumba kwenye ngozi aliyokuwa akishona. Kisha akafanya jambo ambalo wakati ule halikuwa na maana kwangu, akamwambia mtoto ageuke, akaanza kukagua nyuzi zake moja moja kwa nyuma, kwenye mafundo, kama mtu anayekagua kamba za mzigo kabla ya safari.

"Huu umechakaa," akasema. "Na huu. Nylon ya siku hizi haina maana."

Akauinua ukosi wa shanga zake mwenyewe, akafungua fundo la uzi mmoja wa mtoto. Msichana akashtuka, mikono ikaruka shingoni. Nyanya akaishika mikono hiyo kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akautoa uzi, na kabla haujapoa akauzungusha shingoni mwake na kuufunga.

"Uzi uko wapi?" akamuuliza.

Msichana akamtazama. "Kwako."

"Umelala chini?"

"Hapana."

"Una shingo?"

"Una shingo."

"Basi nani amekufa?"

Msichana akafikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayepewa hesabu ngumu. "Hakuna," akasema.

Nyanya akanigeukia na kunieleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mjinga aliyesoma, kwamba uzi ukikatika au ukichakaa, mwanamke hauweki chini wala hautundiki mtini. Anampa dada yake auvae mpaka utungwe upya. Shanga hazitoki, zinahama tu. Mimi sijui kama hiyo ni desturi yetu sote au ya boma lile peke yake. Mama yangu hakuwahi kuniambia, au labda hapakuwa na shingo ya kuhamia kwenye mstari ule wa bweni, kila mmoja alikuwa anakatwa.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo, mama?" baba wa mtoto akauliza.

"Mlisema kuvua. Hakuna aliyeniuliza kuhama."

Tuliamua kesho yake saa tatu. Upepo wa Kakuma asubuhi huja na vumbi jembamba linaloingia hata kwenye mawazo, kwa hiyo tulitafuta ukuta wa kibanda cha yule fundi wa nguo, upande wenye kivuli. Fundi Mkongo alitoka na pini mdomoni, akalishika shuka langu kona moja, baba wa mtoto akashika nyingine.

"Shuka iko muzuri," fundi akasema, akilipapasa. "Uniuzie, nishone gauni la bibi harusi."

"Hilo limeona nyuso nyingi kuliko bibi harusi yeyote."

"Ndiyo, litamufunza adabu."

Nyanya alikaa kwenye gogo, mtoto kati ya magoti yake. Wakaanza. Fundo linafunguliwa, uzi unazunguka shingo ya pili, fundo linafungwa. Nyuzi ishirini na mbili, ukihesabu na ule wa jana. Hakuna aliyeharakisha. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na kuni walisimama, wakaona shingo ya mtoto inaanza kuonekana, nyuso zao zikabadilika. Nyanya akawapigia kelele bila kuacha kazi, "Hakuna kilio! Zinahama!" Wakatua kuni, wakakaa kutazama.

Chini ya shanga, shingo ya msichana ilikuwa na rangi nyingine, nyeupe kidogo kuliko uso, yenye alama ndogo za mviringo mstari baada ya mstari. Ilionekana ya mtoto mdogo zaidi, kana kwamba shingo peke yake ilikuwa imebaki na miaka mitano huku yeye akikua.

Uzi wa mwisho ulipohama, nyanya hakuweza tena kuinamisha kichwa. Shanga zake na za mtoto zilikuwa zimemmeza mpaka mdomo wa chini.

"Ona sasa," akasema kwa shida. "Mimi ndiye sina kidevu. Mimi ndiye nitafungiwa nje."

Msichana akacheka, na ilibidi tungoje kicheko kiishe, kwa maana ofisi haitaki meno. Nilimsimamisha. Mikono yake ikaanza kupanda kuelekea shingoni. Nyanya akainuka, kichwa wima kama anayebeba mtungi, akaja kusimama nyuma yangu, kichwa changu kikiwa chini ya bega lake, ili mtoto akitazama kamera aone shanga.

"Weye, mutoto," fundi akanong'ona kutoka nyuma ya shuka, "hesabu yako yote iko hapo. Angalia tu."

Akatazama. Macho yakatulia. Kwa muda hata vumbi lilikaa. Sikuwaza Longech, sikuwaza chochote, nilitazama kidevu tu, kidogo, chenye kovu dogo chini ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona. Nikabonyeza mara tatu.

Nyuzi zikarudi moja moja kwa njia ileile, ila moja. Ule uliochakaa, wa wiki ya kwanza, nyanya aliuacha shingoni mwake. Alisema shingo moja huku lazima ingoje.

Picha ilipokelewa. Barua ilikuwa na siku tisa, wakatumia moja. Pasipoti ilipofika, baba yake aliileta Lodwar nione, na nikaona ule uso nilioupiga picha ukiwa umebanwa chini ya plastiki, shingo tupu, umetulia, ukimtazama mtu asiyeonekana. Mwezi uliofuata msichana akaondoka, akisindikizwa na mhudumu wa ndege. Alisafiri na nyuzi zake ishirini na moja. Baba yake alimfundisha la kusema wakiuliza kwa nini hafanani na picha. Hakuna aliyeuliza, msichana aliniambia baadaye kwa simu. Afisa mmoja mwanamke wa mpakani alimwambia tu kwamba shanga ni nzuri.

Kisha ikaja picha kwenye simu yangu, imepigwa na mtu asiyezoea kamera. Jikoni, dirisha lenye mvua. Mama na binti shavu kwa shavu. Kwanza nilidhani picha ina kasoro, kisha nikaona. Kila mmoja alikuwa na shanga, nusu kwa nusu. Binti alikuwa amezihamisha.

Niliichapa kubwa, nikaipeleka Kakuma. Huwa nikivuka laga, kabla ya kusalimu, natazama kwanza shingo ya nyanya, na siku ile pia nilitazama. Uzi ulikuwepo. Aliishika picha mbali, kisha karibu, akahesabu kwa kidole gumba shingo ya kwanza, kisha ya pili.

"Ishirini na moja," akasema. Akagusa wake. "Na mmoja."

Mbuzi mwenye sikio jeusi alikuwa na mtoto sasa.

"Nipige mimi," akasema ghafla. "Umtumie. Aone uzi bado una shingo."

Nilikunjua shuka, nikalifunga kwenye matawi ya mti wa miba. Nyanya akasimama mbele yake, mikono imenyooka kama askari, amebana midomo.

"Mama, hii haiendi ofisini," nikamwambia. "Unaweza kucheka."

Hakucheka. Aliingiza vidole chini ya shanga zake za miaka sitini, akazishusha taratibu kwa mikono miwili, akainua uso, akanionyesha kidevu.